Dawa za mafua ya aleji: ipi ununue, na juisi iache kabisa

Jamani mimi na aleji ni ndugu, nikifagia tu asubuhi chafya kumi, pua inachuruzika, macho yanawasha. Mwezi uliopita nikajitutumua nikanunua Telfast za miligramu 120, vidonge vitano, hela iliyonitoka naijua mwenyewe, halafu hola! Nikajua nimeuziwa feki, nikarudi famasi kugombana. Mfamasia wa duka jingine kabisa ndo akaniuliza, "Dada, unamezea nini?" Juisi ya machungwa, kila siku. Kumbe juisi ya machungwa, ya epo na ya balungi zinaziba njia ambayo fexofenadine, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye Telfast, inapita utumboni kuingia mwilini, kwa hiyo nyingi nilikuwa naipeleka chooni. Maji tu! Na ukinywa dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu, pishanisha masaa mawili.

Nilivyohamia maji pua ikakauka, na nikashinda kazini macho makavu bila kusinzia. Kwa hiyo namba moja yangu ni Telfast, kimoja kwa siku kabla ya kula, sibadilishi. Namba mbili loratadine ya miligramu 10, Claritine na wenzake, nayo kimoja kwa siku, wengi haiwalazi na haina ugomvi na juisi. Tatu cetirizine. Inakausha kweli, ila hii "haileti usingizi" wanayotuambia mi siijui, mimi inanilaza, basi meza usiku, na mwenye shida ya figo aulize dozi kwanza. Piriton bei chee, ila kila masaa 4 mpaka 6 na usingizi juu, dereva wa boda usiiguse. Pua ikiziba kabisa vidonge hivi vyote havisaidii sana, hapo uliza spray ya pua ya steroidi.

Sasa wauzaji. Ile famasi ya kwanza walinikatia strip kwa mkasi wakaitia kwenye kibahasha, karatasi ya maelezo ikabaki kwenye boksi, na tarehe ya kuisha ikabaki kwenye kipande cha mwenzangu! Bei sasa, hawakukata hata shilingi. Siku hizi naomba boksi kwanza, nasoma hapo hapo kaunta, napiga picha, ndo akate. Foleni nyuma inanuna, nainunia pia.