Fataki za uani kwa wajukuu: kipi ununue Mtwara, kipi ukiache mezani

Wajukuu wakija kumaliza mwaka kwa bibi na babu, usiku wa kuamkia Mwaka Mpya lazima waulizie fataki. Aina tatu ndizo zinazopatikana kwa urahisi: vijiti vya cheche vya kushika mkononi, kopo linalorusha cheche juu kama chemchemi, na roketi yenye mkia wa kijiti. Tumezipima kwa ua wa kawaida wa huku kwetu: mchanga chini, mwembe au mkorosho pembeni, jiko la makuti nyuma ya nyumba.

Vijiti vya cheche ndivyo vinavyostahili hela ya babu. Ni waya wa chuma uliopakwa mchanganyiko wa unga wa alumini, chembe za chuma na chumvi ya bariamu. Havina kishindo, kwa hiyo hata mtoto mwoga hufurahi. Kasoro yake kubwa inaletwa na hewa ya bahari. Pakiti iliyokaa wazi mezani hunyonya unyevu, nawe utaijua: unga umepasuka, unapukutika ukiupitishia kidole, waya umeanza kutu. Kijiti cha namna hiyo huwaka kidogo, huzima, kisha hurusha kipande kikali pembeni. Nunua pakiti ambayo nailoni yake haijafunguliwa, na nyumbani itie kwenye kindoo chenye mfuniko wa kubana. Usiianike juani wala kuisogeza karibu na jiko la mkaa ili ikauke.

Kuwasha nako kuna kazi. Njiti ya kiberiti huisha kabla unga haujashika moto, na upepo wa kaskazi hauingoji. Simamisha mshumaa ndani ya kopo tupu la maziwa, mdomo juu, ubavuni umetobolewa tundu la kuingiza ncha ya kijiti. Sekunde chache tu kinashika. Awashe mtu mzima, kimoja kimoja. Kufunga vijiti vitano pamoja ili mwanga uwe mkubwa ni kosa baya mno: vyote hulipuka kwa mpigo na kuunguza kiganja.

Ncha inayowaka hupita nyuzi joto 1,000, na maji ya chai huchemka kwa 100 tu. Kwa hiyo aliye chini ya miaka 5 atazame akiwa amepakatwa, asipewe kushika. Wakubwa wanyooshe mkono, waachane hatua mbili, na upepo uwapige mgongoni ili cheche ziende mbele. Wasichana waliosuka rasta wazifunge nyuma kwa kitambaa cha pamba, kwani nywele za bandia huyeyuka na kugandia ngozini. Dera la kitambaa cha nailoni libadilishwe kwa kaptula na fulana ya pamba. Miguuni viatu vya kufunika, ndala hazitoshi.

Kopo la chemchemi tunalikubali kwa masharti. Lichimbie mchangani mpaka nusu ya kimo chake, maana likianguka likiwa linawaka, cheche zote zinaelekea kwa watoto. Utambi uguswe kwa kijiti cha udi kinachofuka, mkono umenyooshwa, uso usiwe juu ya kopo. Kisha rudi nyuma hatua kumi. Lisipowaka, usilirudie. Subiri nusu saa, ulimwagie maji mengi, ulizamishe kwenye ndoo ya maji hadi asubuhi. Wengi huungua pale wanapoinama kuchungulia utambi uliozima.

Roketi ziache mezani kwa muuzaji. Mkia ukipinda kidogo tu, njia inapinda pia, na kaskazi huibeba hadi paa la jirani. Makuti yakishika, ndoo moja haitoshi. Isitoshe, mwishoni mwa Desemba Jeshi la Polisi huwa linatangaza katazo la kulipua fataki bila kibali, hivyo pita kituoni uulize kabla ya kutoa hela kwa chochote kinacholipuka.

Kwa wajukuu sita, vijiti 20 vinatosha: kila mmoja vitatu, na viwili vya akiba. Weka ndoo mbili karibu, moja ya maji na moja ya mchanga. Waya uliozima utiwe majini papo hapo, kwani ukiutazama ni mweusi lakini bado unaunguza. Mtoto akiungua, mwagilia maji safi ya baridi kwa dakika 20; dawa ya meno, yai na asali visiguse kidonda. Moto ukishinda ndoo, Zimamoto ni 114.

Asubuhi ya tarehe 1, kabla watoto hawajatoka peku, pitisha reki ua mzima na uhesabu waya. Ziliwashwa 20, zipatikane 20.