Kibodi ya Kuendeshea Kifaru: Ipi Ununue kwa Michezo ya Vita ya Maandishi

Kwenye mchezo wa vita wa maandishi hakuna usukani wala pedali. Kila kona unaiandika. Tangu Roy Trubshaw na Richard Bartle waanzishe MUD, mchezo wa maandishi wa wachezaji wengi, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, mtembea kwa miguu ametosheka na herufi moja: n, yaani north, kaskazini. Mwenye kifaru hatosheki. Kwenye seva za BattleTech, mchezo wa vita vya vifaru na roboti, anaandika heading 60 (nyuzi 60 kutoka kaskazini) ili ageukie kaskazini-mashariki, kisha speed na kiwango cha kasi, na muda wote huo gari linaendelea na njia yake ya zamani. Niliwahi kukosea herufi moja ya heading wakati nakwepa maji. Mchezo ukajibu kwamba hauielewi amri hiyo, na kabla sijaiandika upya kifaru kilikuwa kimeshatumbukia ziwani na mapigano yangu yameisha.

Kwa hiyo ukifika dukani, achana kwanza na taa na rangi. Angalia kama kibodi ina vitufe vya namba upande wa kulia.

Vitufe hivyo ni dira tayari. 8 iko juu, 2 chini, 7 na 9 kwenye pembe za juu, 1 na 3 kwenye pembe za chini. Ramani za BattleTech ni za pembesita, kwa hiyo njia za kutoka ni sita tu, na zote zinaenea hapo. Programu kama Mudlet, ambayo ni ya bure, hukuruhusu kukipa kitufe kimoja amri nzima. Kwangu 8 ni heading 0, 9 ni 60, 3 ni 120, 2 ni 180, 1 ni 240, 7 ni 300. 5 ndiyo breki: speed 0. 4 na 6 zimebaki huru, nikazipa ramani na orodha ya adui. Kwenye kitufe chenyewe cha 5 pana kinundu kidogo. Kidole cha kati kikikigusa, mkono unajua uko wapi na macho yanabaki kwenye mapigano.

Chaguo langu la kwanza ni kibodi kamili ya mekanika, ambayo kila kitufe kina swichi yake. Kati ya swichi za Cherry MX, ambazo huitwa kwa majina ya rangi, chukua Brown. Red na Brown zote husajili mbonyezo kwenye milimita 2 kati ya 4 za safari ya kitufe, lakini Red huteleza moja kwa moja, na kidole kilichoegemea tu kinaweza kukugeuzia kifaru ubavu mbele ya mizinga. Brown ina kikwazo kidogo unachokisikia kidoleni kabla amri haijaondoka. Blue nayo ni nzuri, ila kelele zake za usiku watu wa nyumbani hawatazivumilia.

La pili, na kwa mwenye kompyuta mpakato ndilo la kwanza: kibao cha namba cha peke yake, cha USB. Kiweke kushoto, mkono huo uendeshe, wa kulia uandike amri za kufyatua. Ukitumia programu ya kwenye terminali (dirisha la maandishi matupu) kama TinTin++, jaribu mapema, maana huko mara nyingine namba za kibao huonekana sawa na zile za safu ya juu.

Kibodi kamili ya utando wa mpira naipa nafasi ya tatu bila kuidharau. Hasara yake kubwa, kwamba huchanganyikiwa ukibana vitufe vingi pamoja, hapa haikuhusu, kwani unabonyeza kimoja kimoja. Kama bajeti ni ndogo, hiyo inatosha kabisa.

Kibodi fupi isiyo na namba naiweka chini. Unaweza kutumia F1 hadi F12, lakini ni mstari ulionyooka. Kaskazini haikai juu. Simu usiifikirie.

Kabla hujalipa, hakikisha Num Lock ina taa yake. Ikizimika bila wewe kujua, 8 inageuka mshale na 9 inageuka Page Up, na unaweza kubonyeza kona mara tatu huku kifaru kikienda moja kwa moja.