Gemu ya bao ya kwenye kompyuta: elfu tatu inalipa, ila kwenye nyumba wameharibu

Mtwara kuchele! Kuna gemu ya bao inazunguka hapa mjini kwa flashi, mi nimewekewa na dogo wa steshenari huku Chikongola kwa elfu tatu, na ni bao lenyewe la kiswahili, mashimo 32 kete 64, sio lile la mashimo 12 ambalo ukitafuta bao intaneti ndo unaletewa kila siku.

Mwanzo wamepatia. Nyumba, lile shimo kuu la mstari wa mbele, ina kete 6, mashimo mawili ya kulia kwake mbilimbili, ghalani (akiba ya kila mchezaji) 22, unanamua, yaani unaingiza kete mojamoja toka ghalani, mpaka ghala likauke ndo mnaingia mtaji, mnacheza zilizo ubaoni tu. Ukila kwenye kimbi (mashimo mawili ya pembeni ya mstari wa mbele) kete zinaanzia kichwa, shimo la mwisho kabisa, cha upande uleule, hapo nilikuwa nimekaa mkao wa kuwakamata, nimewakosa.

Sasa njoo kwenye nyumba. Si unajua kete ya mwisho ikiangukia nyumbani wakati unakula, na nyumba bado nzima ina zake 6 kwenda juu, uamuzi ni wako ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzibebe kete za nyumba uendelee kugawa? Gemu inakuletea vitufe viwili pale chini, LALA na SAFARI, safi sana, ila ukichelewa kidogo tu kubonyeza inasafiri yenyewe!! Yaani mtu bado unapiga hesabu nyumba ikiondoka itaishia wapi, unashtukia kete zako tisa zinamwagwa shimo kwa shimo, ya mwisho inatua patupu, nyumba imevunjika na zamu imeisha. Bao gani hilo la kukimbizana na saa? Na takasia, ile kanuni ya kumzuia mpinzani asilicheze shimo lake moja lililo hatarini kuliwa, haimo kabisa, mafundi mtanielewa.

Halafu kila shimo lina namba juu. Kuna babu mmoja fundi hapa mtaani nilimkalisha mbele ya leptopu, akaangalia weee, akasema "mjukuu wangu, zitoe hizo namba, zinanipigia kelele". Bahati nzuri kwenye mpangilio zinazimika. Akawekewa ngazi ngumu kuliko zote na akaipiga, tena huku anapiga stori. Alichogundua ni kwamba ikiwa na njia mbili za kula, inachukua yenye kete nyingi hata kama inajiacha wazi, basi akawa anaitegea tu, anaachia shimo limejaa, inavamia, anarudi anakomba. Na msiniambie kompyuta haiwezi, drafti ya kizungu ya 8 kwa 8 watu wa chuo kikuu cha Alberta kule Kanada waliimaliza kwa kompyuta 2007, wote mkicheza bila kosa ni suluhu. Huyu aliyetengeneza hii kafundisha mashine ulafi akaishia hapo.

Ila kwa watoto aisee nimeipenda. Kuna bao la kujifunza, kila shimo kete mbili na hakuna kunamua, zinagawiwa polepole mtoto anaona zinavyozunguka na zinapoishia. Wangu wa darasa la nne sa hivi anajua kutakata, yaani kucheza zamu isiyo na kula, bila kuulizwa. Haili bando, leptopu yangu mzee inaiendesha bila kukwama, na maneno yote ni kiswahili.

Nawapa 3 kati ya 5, hicho kitufe cha safari kikirekebishwa naongeza moja. Mkienda kuwekewa bebeni flashi zenu na mzipige skani mkirudi, yangu ilirudi na virusi vya bure.