Kabale hadi Kigali: uzoefu wangu wa kifurushi cha kutazama Mashindano ya Dunia ya baiskeli

Nilipolipa shilingi 1,150,000 mwezi wa Agosti 2025, niliamini kwamba nanunua mambo mawili kwa bei moja: kuyaona kwa macho yangu Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ambayo yalikuwa yanafanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na kuendesha mwenyewe katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na ya Rwanda kwa siku tatu. Mauzo ya kifurushi hicho yalifanywa na kampuni moja ya safari ya hapa Kampala, ambayo sitaitaja kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kwao kwa maandishi. Upande wa kutazama nausifu bila kusita, na ningelipa tena. Upande wa kuendesha ulinifundisha kwamba mtu anaweza kupangiwa kila kitu vizuri, kuanzia kitanda mpaka chai ya asubuhi, akaharibikiwa na chuma kimoja tu chenye meno machache.

Tuliondoka Kampala Alhamisi saa tatu usiku, abiria kumi na mmoja katika basi dogo lililovuta trela ya baiskeli. Lugha ya safari ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa sababu ndani mlikuwa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, dada mmoja kutoka Arua, vijana wawili wa Tororo na Wakongo watatu wenye biashara zao Kikuubo, na hakuna lugha nyingine ambayo sote tungeielewa bila kuombana tafsiri. Kabale iko umbali wa kilomita zipatazo 410, na dereva aliendesha kwa utulivu nisioutarajia katika barabara ile usiku. Alisimama mara moja tu, Lukaya, ambako wauzaji walitufuata dirishani na gonja, yaani ndizi za kuchoma, na mishikaki kana kwamba ni saa sita mchana. Alfajiri tulishuka Kabale tukitetemeka kwa baridi, na hilo nalitaja kwa sababu orodha ya vitu vya kubeba tuliyotumiwa haikusema hata neno moja kuhusu koti.

Baiskeli zilishushwa uani mwa nyumba ya wageni, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Niliyopewa ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyepesi, rangi nyekundu, ya kupendeza kupigiwa picha. Niliinama nikahesabu meno, kazi ambayo ningependa kila mkodi aifanye kabla ya kuondoka mjini kwake na si baada ya kusafiri kilomita 400. Kwenye giya nyepesi kuliko zote ilikuwa na meno 39 mbele na meno 25 nyuma, maana yake kila mguu unapokamilisha mzunguko mmoja wa pedeli, gurudumu la nyuma linazunguka mara moja na nusu na zaidi kidogo. Kwenye barabara ya Entebbe hilo si tatizo kabisa. Kwa mtu wa miaka 46 anayeendesha Jumamosi na Jumapili peke yake, akipelekwa kwenye milima ya Kigezi, hiyo ni adhabu. Nilimwuliza fundi waliyekuja naye kama ana gurudumu la nyuma lenye meno mengi zaidi, ambalo lingerahisisha kupanda. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, zote ziko hivyo hivyo. Ila utazoea."

Sikuzoea. Njia ya kutoka Kabale kwenda ziwa Bunyonyi si ndefu, haifiki hata kilomita kumi, lakini inapanda kwanza mpaka kwenye ukingo na ndipo inashuka hadi ziwani, na sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa ya kokoto zinazoteleza chini ya tairi jembamba. Ziwa lenyewe liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi ya mtu wa Kampala inakatika mapema kuliko miguu. Nilishuka mara mbili nikasukuma. Dada wa Arua, ambaye alikuwa amekataa baiskeli ya kukodi akaja na yake ya milimani, chuma kizito chenye magurudumu matatu ya meno mbele, alinipita akiwa ameketi, akikanyaga upesi upesi kama mtu anayeshona kwa cherehani, akanisalimu kwa heshima na kuendelea. Huko juu nilimkuta amekwisha kumaliza kikombe kizima cha bushera, kinywaji cha mtama. Mandhari, nakiri, yanafuta hasira: visiwa vingi chini, matuta ya mashamba yamepanda hadi vileleni, na mitumbwi inayoonekana kama punje za mtama juu ya maji.

Jumamosi asubuhi tuliendesha kutoka Kabale hadi Katuna, mwendo wa kilomita ishirini na kitu unaofuata bonde, na hiyo ndiyo sehemu pekee ambapo baiskeli yangu nyekundu ilistahili sifa. Mpaka wenyewe ulituchukua saa moja na nusu. Raia wa Uganda tulipita na vitambulisho vya taifa, Wakongo wakapita na pasipoti zao, na kilichotuchelewesha hasa ni mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda ilikwisha kuipiga marufuku tangu 2008: fundi alikuwa amefungia kila tyubu ya akiba katika mfuko wake, ikabidi azifungue moja moja mbele ya afisa. Kampuni inayopeleka watu Kigali ilipaswa kulijua jambo hilo kama inavyojua njia ya kwenda ofisini.

Hapo mpakani tulipewa dakika chache za kuendesha upande wa pili kabla ya kupanda basi, na kijana Mnyarwanda aliyetupokea kama mwongozaji alionyesha mara moja thamani yake. Mzee wetu mstaafu alitangulia, akashika mkono wa kushoto kama alivyozoea maisha yake yote, na lori likatokea kwenye kona likimjia uso kwa uso. "Mzee, geuka! Huku tunapita kulia!" Mzee aliruka kando kwa wepesi ambao sikudhani bado anao. Tangu hapo mwongozaji aliendesha mbele yetu kila mara, na kila tulipofika kwenye mzunguko wa barabara aliinua mkono wa kulia bila kusema kitu. Baada ya hapo tulipakia baiskeli tukapita mashamba ya chai ya Mulindi tukiwa tumeketi, jambo ambalo miguu yangu haikulipinga.

Sasa niseme kuhusu kutazama, kwa maana hapa ndipo pesa zangu zilipofanya kazi. Mtu asiyejua mchezo huu hudhani kwamba atasimama barabarani siku nzima ili aone kundi likipita kwa sekunde kumi. Kigali haikuwa hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya mbio ilizunguka mjini kwenye mzunguko wa kilomita 15.1. Wanaume wa Jumapili walipangiwa kilomita 267.5: mizunguko tisa ya mjini, kisha mzunguko mkubwa mmoja unaopanda mlima Kigali na kilima chenye barabara ya mawe yaliyopangwa wanachokiita Kwa Mutwe, kisha mizunguko sita tena. Jumla ya mipando ilizidi mita 5,400. Kwa hiyo mtazamaji alikuwa na uamuzi wa kufanya: aende Kwa Mutwe, mahali penye sifa na kelele kuliko kote, awaone mara moja tu, au akae Kimihurura, kwenye mpando wa mawe wa kilomita 1.3, awaone kila baada ya dakika ishirini na kitu tangu asubuhi mpaka mwisho. Mzee alitaka Kwa Mutwe. Mwongozaji alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwamba akienda huko hataweza kuvuka barabara kurudi kwetu kabla ya jioni. Tulikwenda Kimihurura sote, naye Mzee akanuna mpaka mzunguko wa tatu.

Jumamosi tulikuwa tumewahi mbio za wanawake, kilomita 164.6, na hapo nilijifunza kutoamini majina makubwa. Waliotarajiwa walitazamana wao kwa wao, na kundi dogo lililotangulia likaenda moja kwa moja mpaka mwisho, ambapo Mkanada Magdeleine Vallieres aliwashinda Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania. Karibu nasi hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa amelisikia jina la mshindi asubuhi ya siku hiyo.

Jumapili ilianza na kasoro ya pili ya kampuni, ambayo ingekuwa kichekesho kama isingetokea gizani. Ratiba tuliyochapiwa Kampala ilisema tutaanza kuendesha saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili tupande Kimihurura kabla askari hawajaifunga njia. Haikusema ni saa ya nchi gani. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu zetu nyingine zilijirekebisha zenyewe, nyingine hazikujirekebisha. Matokeo yake, watu watano, nikiwemo mimi, tulisimama nje ya nyumba ya wageni na helmeti vichwani kwa saa nzima, tukitazamana na mlinzi, huku wenzetu wakiendelea kulala usingizi wa haki yao. Mlinzi alituletea benchi.

Hatimaye tulipanda. Vizuizi vilikuwa vimekwisha kupangwa kando, wafagiaji wakiondoa majani kwenye mawe, na mwongozaji alizungumza na askari mmoja kwa Kinyarwanda kwa dakika mbili, kisha tukaruhusiwa kupanda mara moja na kutorudia. Mawe yale yakitazamwa kwenye televisheni yanaonekana laini. Ukiwa juu yake, mikono inatikisika hadi mabegani, na ukiinuka kwenye kiti ili uongeze nguvu, tairi la nyuma linakosa mshiko. Kwa meno yangu 39 na 25 nilifika takriban nusu, nikahisi cheni imekaza kama kamba ya kisima, nikashuka. Bibi mmoja aliyekuwa akipanga viti vya kuuzia chai alinipigia makofi hata hivyo.

Mbio zilianza saa nne kasoro robo kwa saa za Kigali. Mizunguko ya kwanza tuliwapigia kelele wote, na kila jezi ya Uganda ilipopita tulipaza sauti mara mbili. Kisha wakaenda kwenye mzunguko mkubwa, pakawa kimya, watu wakala mahindi na kusikiliza redio. Ni huko mlima Kigali, zikiwa zimebaki kilomita 104, ambako Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia, na sisi hatukuliona tukio hilo kwa macho. Mzee alinigeukia akaniambia, "Si nilisema?" Lakini waliporejea kwetu, wa kwanza walikuwa wawili, Pogačar na Isaac del Toro wa Mexico, ambao kwa mwaka mzima huendeshea timu moja ya kulipwa na siku hiyo walikuwa wapinzani kwa kuwa mashindano haya ni ya mataifa. Baadaye akapita Pogačar peke yake. Aliendesha peke yake kilomita 66 za mwisho, na kutoka pale tulipokaa tuliweza kupima upweke huo kwa saa ya mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka alipomaliza dakika 1 na sekunde 28 mbele ya Mbelgiji Remco Evenepoel, naye Ben Healy wa Ireland akashika nafasi ya tatu. Kilichonigusa zaidi kilikuwa nyuma yao. Walioanza walizidi 160, waliomaliza ni 30 tu. Kila mzunguko ule mpando ulikuwa unapunguza watu, na mtu anayeachwa alipita mbele yetu polepole kiasi cha kumwona anavyomeza mate. Asubuhi nilikuwa nimeionea haya nusu yangu ya mlima. Mchana haya hiyo ilinipungua.

Kwa hiyo anayefikiria kununua safari ya namna hii, iwe ya mbio za Rwanda za kila mwaka au nyingine, ninamshauri alipie usafiri, malazi na mwongozaji, na aende na baiskeli yake mwenyewe hata kama ni nzito na haipendezi. Kama ni lazima akodi, basi aandikiwe kwenye risiti idadi ya meno ya mbele na ya nyuma, na asikubali pungufu ya meno 32 nyuma. Mwongozaji ningempa alama zote. Malazi yalikuwa safi, maji ya moto yalikuwepo Kigali na hayakuwepo Kabale. Chakula hakikuwa na la ajabu.

Jumatatu usiku tulirudi Kampala salama. Amana yangu ya baiskeli, shilingi 100,000, ilinirudia kwenye simu baada ya siku kumi na mbili, ikiwa imekatwa shilingi 15,000 za tyubu moja, ilhali pancha pekee ya safari nzima ilikuwa ya tairi la trela.