Mikono ya mkunga au altrasaundi: mtoto amelalaje?

Kuanzia wiki ya 36 kila mama anataka kujua mtoto ametanguliza nini.

Mkunga huanza kwa kupapasa. Mama amelala chali, magoti ameyakunja, kibofu kitupu. Mikono inaanzia juu ya tumbo: kichwa ni kigumu, cha mviringo, ukikisukuma kinacheza peke yake, makalio ni laini, yakisukumwa mwili mzima unafuata. Pembeni, upande mmoja kuna mgongo, upande wa pili vinundu vya mikono na miguu. Mwisho ni juu ya kinena, kuona kama kichwa kimeshaingia kwenye nyonga. Kazi hii haihitaji umeme, na mkunga mwenye uzoefu hakosei mara nyingi.

Altrasaundi inashinda pale mikono inapokwama: mama mnene, maji mengi, mapacha. Tena inaonyesha kondo la nyuma limekaa wapi, jambo ambalo vidole havithibitishi. Ila picha ya wiki ya 28 haikuhakikishii chochote kuhusu wiki ya 37, maana mtoto bado anageuka.

Mimi nachagua mikono kila hudhurio, na altrasaundi mara tu shaka inapoingia. Ukiambiwa katanguliza makalio, omba kipimo mapema: karibu wiki ya 37 daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa nje, katika hospitali inayofanya upasuaji. Kukandwa tumbo nyumbani ili ageuke, tafadhali mama, usikubali.