Ukitoa zebaki kwenye gego, uzibe na nini?

Wengi wetu tuliozibwa meno miaka ya nyuma tuna kipande cha kijivu kwenye gego. Hiyo ni amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki zaidi ni fedha, bati na shaba. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi, na nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kupunguza zebaki, zimekubaliana iachwe ifikapo 2034.

Lakini kabla hujatoa hela, jua hili: amalgamu iliyo nzima usiiguse. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa ushauri huo mwaka 2020. Amalgamu ikichongwa hutoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko ikiwa imetulia mdomoni, na mashine ikiingia huondoka pia na sehemu ya jino ambayo haikuwa na kosa. Itoe ikiwa imevunjika, jino limeoza chini yake, au una mzio uliothibitishwa. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasubiri, ila kama jino lenyewe haliwezi kusubiri.

Ikibidi kuitoa, mimi napanga hivi kwa gego la mtu mzima.

1. Kompositi, yaani resini (aina ya plastiki) iliyochanganywa na unga wa glasi. Kwa tundu dogo au la wastani, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Ina rangi ya jino, inagandishwa kwa taa ya bluu, na inashikamana na jino lenyewe, hivyo daktari hahitaji kuchimba zaidi ili ishike. Inamalizika kwa siku moja.

Adui yake ni mate. Gego langu la chini lilizibwa kwa kompositi huku nikimeza mate na pamba zimelowa chepechepe. Haikumaliza mwaka, ikadondoka nikila muhogo. Dawa haikuwa na kosa. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza daktari ni atalikausha vipi jino. Jibu ninalolitaka ni shuka la mpira, lile linalotobolewa jino likachomoza peke yake. Wakati wa kutoa amalgamu, shuka hilohilo huzuia vipande visiingie kooni. Swali la pili ni kama ataweka kwa tabaka. Kompositi ya kawaida hugandishwa tabaka la takriban milimita 2 kwa wakati mmoja. Ikijazwa yote kwa mkupuo, chini hubaki laini.

Kuna wanaoihofia kwa sababu ya BPA, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki. Kiasi kinachotoka ni kidogo sana, na hutoka zaidi mwanzoni. Omba uso wake ufutwe na kung'arishwa, kisha sukutua na kutema. Mimi naogopa zaidi mzio: kama gundi au jeli ya kucha za bandia iliwahi kukuwasha na kukuvimbisha vidole, mwambie daktari, maana kompositi ina kemikali za ukoo huohuo.

2. Seramiki, yaani kauri. Tundu likiwa kubwa, kuta za jino zimebaki nyembamba, seramiki inapanda kuwa ya kwanza. Jino hupimwa, kipande kikachongwa maabara, ukarudi siku nyingine kugandishiwa. Haina metali, haibadiliki rangi, na ikitunzwa huvuka miaka 10. Bei yake ni mara kadhaa ya kompositi, na gundi ya kuishikiza mara nyingi ni ya jamii ya kompositi, kwa hiyo mwenye mzio asidhani amepona hapo. Anayesaga meno usiku aseme mapema.

3. Glasi ayonoma, saruji ya meno yenye unga wa glasi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: kwenye gego linalotafuna sana inalika haraka. Vinginevyo naiheshimu mno. Inajishikiza yenyewe kwenye jino, inatoa floraidi, inavumilia unyevu kuliko kompositi, na kwa kawaida ndiyo nafuu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Nasi tuna historia nayo: njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, na kuziba palepale ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na glasi ayonoma ndiyo iliyoifanya ienee duniani. Kwa mtoto, kwa tundu la shingoni mwa jino, au kwa mtu anayejipanga kifedha, ianze hii. Mwenye mzio niliousema aombe ile ya asili, isiyochanganywa na resini.

4. Dhahabu. Inadumu kuliko zote na haichakazi jino la upande wa pili. Bei ndiyo inayoishusha.

Ukipewa kofia ya metali ya bei rahisi, uliza kama ina nikeli. Kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio, ikatae.

Siku yenyewe, daktari atumie maji mengi na kifyonzi chenye nguvu, akate amalgamu vipande vikubwa badala ya kuisaga unga. Usiondoke kabla hujang'ata karatasi ya rangi, ile inayoonyesha kama gego limezidi kimo. Na ganzi ikiisha ukaona gego hilo linagota kabla ya mengine, rudi kesho yake likapunguzwe.