Winget: kabla hujapiga Windows upya, jaribu hii

Karibuni wadau, mlioko hapa Tanga na mnaotutazama kutoka kwingine. Leo sina simu mpya wala spika. Bidhaa yenyewe ni ya bure, na huenda tayari imo kwenye kompyuta yako. Inaitwa winget: ni zana ya kuweka programu kwa kuandika amri.

Usumbufu wa kuweka programu mnaujua. Bando limekata njiani, ukibofya faili unaambiwa limeharibika. Au unaambiwa programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako, kumbe umeshusha ya biti 64 na Windows yako ni ya biti 32. Ukiipeleka kwa fundi Ngamiani, mara nyingi jibu ni moja: tupige Windows upya. Jamani, kupiga Windows kwa sababu ya VLC, programu ya kuchezea video tu!

Winget ni ya Microsoft wenyewe, toleo 1.0 lilitoka 2021. Inafanya kazi kwenye Windows 11, na Windows 10 kuanzia toleo 1809. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kikifunguka kile kidirisha cheusi andika: winget install VideoLAN.VLC. Hapa ndipo ninapoipendea. Inalifuata faili kwa mwenye programu, inachagua linaloendana na mashine yako, halafu inalihakiki kwa alama ya SHA256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. Faili pungufu linakataliwa hapo hapo, haliachwi likufie katikati. Na zile tovuti zenye vitufe vitano vya kupakua, vinne mitego, unaachana nazo.

Wenzangu wa bando la kuunga, kuna winget download. Unashusha kwa shemeji Chumbageni mwenye waifai, unatia kwenye flashi, unakuja kuweka nyumbani Makorora. Kama kompyuta yako ni ya biti 32, ongeza --architecture x86.

Programu ikigoma kufunguka na kukuambia VCRUNTIME140.dll haipo, yaani faili la Microsoft inalolitegemea, tafadhali usiokote dll mtandaoni. Andika winget install Microsoft.VCRedist.2015+.x64, kisha rudia kwa x86, maana programu za biti 32 zinaitaka hiyo hata kwenye Windows ya biti 64.

Kasoro? Ni maandishi matupu. Mama yangu hataigusa. Diski ikijaa haikusaidii. Ukipata kosa 1618, kuna usakinishaji mwingine unaendelea: subiri uishe, au zima uwashe. Tena angalia tarehe ya kompyuta. Umeme ukikatika ikarudi miaka ya nyuma, miunganisho salama inakataa na winget inagoma. Hapo betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu inayotunza saa ndani ya kompyuta, imekwisha. Badilisha, ni kazi ndogo.

Mimi naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya kile kidirisha cheusi. Wenye Windows 7, hii haiwahusu, na mfumo wenyewe uliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020. Nyie ndio mwendeni Ngamiani.